Greenway wa Amani na swali lake: zao hili kwao ni wapi?

Vijana wenzangu wa Handeni na Korogwe, kabla hamjanunua mbegu za msimu ujao, tumkumbuke mtaalamu wa mimea aliyefanya kazi jirani kabisa na sisi. Ni P. J. Greenway, aliyekuwa kituo cha utafiti cha Amani, Usambara Mashariki, tangu mwishoni mwa miaka ya 1920. Mwaka 1950 kazi yake ikahamia Nairobi. Alifariki mwaka 1980.

Mwaka 1937 alitoa kamusi ya majina ya mimea kwa Kiswahili. Miaka ya 1940 akaandika juu ya asili ya mazao ya chakula ya Afrika Mashariki: lipi la hapa tangu kale, lipi lilikuja na wageni.

Utasema, mambo ya kale yananihusu nini, mimi natafuta hela? Yanakuhusu. Mahindi kwao ni Mexico, yalianza kulimwa huko miaka kama 9,000 iliyopita. Muhogo kwao Amerika ya Kusini, machungwa Asia. Hata mkonge ni wa Mexico: Mjerumani Richard Hindorf aliuleta Tanga mwaka 1893, na miche 62 tu ndiyo iliyopona. Wenyeji ni mtama na kunde.

Ugeni peke yake si tatizo, maana muhogo na mkonge vinavumilia ukame vizuri tu. Cha kuuliza ni hili: zao limezoea hali gani? Mahindi yakikosa maji siku za kutoa mbelewele na ndevu, punje hazijai, hata mvua ikirudi baadaye. Mtama ukibanwa na jua hukunja majani, unasubiri, mvua ikirudi unaendelea.

Kwa hiyo kama shamba lako liko upande mkavu wa Handeni, usiweke mtaji wote kwenye mahindi. Gawa ekari: sehemu mahindi, sehemu mtama wa muda mfupi kama Macia, sehemu kunde. Ila tafuta mnunuzi mapema, na jipange kuamia ndege, maana mtama wanaupenda.

Jambo la mwisho. Waulize wazee majina ya mbegu za zamani, kwa Kizigua au Kisambaa, pamoja na sifa zake: ipi inawahi kukomaa, ipi haibunguliwi ghalani. Andika kwenye daftari. Mzee akiondoka kabla hujamuuliza, hakuna duka la pembejeo litakalokuuzia maarifa hayo.