Direkteri wa masomo analilia ku nani?

Ku Kamalondo habari haipite ku mulango, inaruka lupango. Komini yetu njo ndogo kupita zote saba za Lubumbashi, na ni ya zamani. Wazee waliiita Commune Albert. Mu lupango mumoja munaikala jamaa tatu ao ine, robine moja, kabine moja. Mutu akigombana na bibi yake usiku, asubui mama mwenye kuuza mikate ku kona anajua waliyanza na neno gani.

Njo maana direkteri ninayetaka kuwaeleza habari yake, nimemuunda mwenyewe. Musimutafute ku masomo ya watoto wenu. Mufwankolo na watu wake, tangu radio mpaka televizyo, walituzoeza hivyo: mutu wa muchezo, lakini mambo ni ya lupango yetu. Mimi pia nafanya vile. Nimekuwa delege wa sendika mu mine na muzazi mu komite ya wazazi, na kila kitu kinachomupata huyu direkteri nilikiona kwa mutu fulani, ao nilikisikia kwa masikio yangu.

Anaamuka saa 4 na nusu ya asubui, juu maji inakuja usiku na kisha inakatika, na tangu mwezi wa 2 hakuna bibi wa kujaza mabido. Bibi alirudi ku kwao, Likasi. Kulibakia yeye na mabinti wawili, mumoja wa miaka 8, mwengine 11. Anawasha makala, anapasha maji, anatafuta soksi. Kusuka nywele hajui. Kila siku ya yenga jirani mumoja anamusaidia, na jirani yule anauliza maulizo mengi kupita mistari anayosuka. Saa 6 na nusu eko ku masomo, shati nyeupe, koti ileile ya jana, mbele ya sentinele kuamuka.

Bendera inapanda, watoto wanaimba, na yeye anahesabu walimu kwa macho. Kumi na moja. Inafaa wawe kumi na mbili. Mwaka wa kwanza hauna mwalimu leo, na mu kile kilasi watoto wane wanaketi ku banki ya watoto wawili. Anaingia mwenyewe, anaandika «a, e, i, o, u» ku tablo. Ku mulango kuko wazazi wanamungojea: mumoja anataka nafasi ya mutoto, mwengine analalamika mutoto wake alipigwa. Ku meza ya biro kuko mukanda ya sous-division inayolomba rapore mbele ya saa 12 ya muchana.

Sasa, namna gani kilasi kinakosa mwalimu? Hapa inafaa nirudi nyuma kidogo.

Tangu miaka ya 1990, wakati Zaïre ya Mobutu haikuwa tena na nguvu ya kulipa walimu, sisi wazazi njo tulikuwa tunawalisha. Tuliita ile makuta «prime». Mutoto asiyeleta prime alifukuzwa, na wengi wetu tunakumbuka aibu ya kuona mutoto anarudi saa 8 ya asubui na kitabu ku kichwa. Katiba ya mwaka 2006, ku artikle 43, ilisema masomo ya primere ya Serikali ni ya bure. Maneno yale yalilala ku karatasi miaka 13. Ku rentrée ya mwezi wa 9 mwaka 2019, gratuite ikaanza kweli. Niliifurahia, na ningali ninaifurahia. Mu maparcelle yetu watoto waliokuwa wanauza maji ya sachet walivaa bulu na nyeupe wakaenda kusoma.

Lakini kuko walimu wanaolipwa na kuko wale wanaoitwa NP, non payés. NP anafundisha kama wengine, anatengeneza fishi kama wengine, ila jina lake haliko ku listing ya mushahara ya Serikali. Wakati wa prime, NP naye alikuwa anapata kipande chake. Prime ilipokufa, yeye alibakia mikono mitupu. Na mu miji kama hii yetu, hata mwalimu mwenye kulipwa aliona mushahara wa Serikali peke yake haufike pale prime ilikuwa inamufikisha. Mwaka 2021 waligoma tangu mwanzo wa mwaka wa masomo, mpaka Serikali na masendika wakaketi Bibwa, kule Kinshasa, kuandika mapatano.

Direkteri wetu eko na NP wawili. Mumoja ni yule wa mwaka wa kwanza, mwanamuke kijana, mwenye mukono muzuri wa kushika watoto wadogo. Mu mwezi wa 11 aliingia mu biro, hakuketi.

«Direkteri, kesho sitakuya. Tate yangu eko mugonjwa, na hapa miye nafundisha bure.»

«Ngoja hii mwezi, mama. Nitaona.»

Aliona nini? Aliona malata yenye bibi yake alificha nyuma ya kabati.

Bibi yule anafanya biashara ya Kasumbalesa. Anaenda mupaka kazi mbili, anarudi na mafuta, sabuni na biskwi, anauza mbele ya lupango. Kwa kweli, tangu 2019 yeye njo alikuwa analisha nyumba, na bwana alikuwa anajua, na ilikuwa inamuuma. Mu malata mulikuwa dolare 300 za likelemba. Zamu yake ilikuwa imefika. Direkteri alijisemea: nakopa tu, makuta ya frais de fonctionnement ikikuja narudisha. Alilipa NP wake wawili mwezi wa 11, akalipa mwezi wa 12, akanunua chaki na kufuli. Makuta ya Serikali ilichelewa, na ilipofika ilikuwa ndogo, ilipita mara moja ku ile yenye ilikuwa inangojea.

Hapa simuteteye. Likelemba si makuta ya bibi peke yake, iko na mikono ya wamama kumi ndani yake. Na hakuuliza. Mutu anayeshika buku ya masomo na kuandika kila franga, ku nyumba kwake alikamata bila kuandika. Kama angesema ukweli ile siku ya kwanza, pengine wangegombana siku tatu na kuisha. Alinyamaza miezi miwili.

Wamama wa likelemba walikuja siku ya yenga, nyuma ya misa, lupango muzima muko. Bibi akamuuliza mbele ya wote:

«Ulipeleka wapi makuta ya bamama?»

«Nililipa balimu.»

Walicheka. Nani ataitika kama mwanaume alilipa watu wa Serikali na feza ya bibi yake? Mumoja akasema kwa sauti ya chini, lakini ya kutosha kusikiwa: «Eko na deuxième bureau.» Na deuxième bureau akapatikana mbio: yule mwalimu kijana wa mwaka wa kwanza. Ku kazi mbili, mutaa muzima ulikuwa umeshamaliza hesabu. Dada yule alivumilia mezo mpaka mwezi wa 3, kisha akaacha. Njo maana leo walimu ni kumi na moja. Aliacha kazi yenye haimulipi juu ya mwanaume asiyemugusa.

Sasa mutoto wa kwanza. Kijana wa miaka 17, eko mu humanités. Wengi wanasahau kama gratuite inaishia ku primere. Ku sekondere tungali tunalipa. Bibi alipoondoka, minerwale ya kijana ilikosa wa kulipa. Direkteri wa masomo ya bure, mutoto wake alifukuzwa ku masomo ya wengine juu ya makuta. Kijana hakusema kitu. Alitafuta rafiki mwenye kaka yake anachimba, wakapanda bisi ya Kolwezi.

Nyinyi muko watu wa mine, sina haja ya kuwaeleza shimo ya creuseur iko namna gani wakati wa mvua. Code minier inataka mutu mukubwa, Mukongomani, mwenye karte, na miaka 17 si mutu mukubwa. Lakini ku mulango wa shimo hakuna mwenye kulomba karte ya kuzaliwa. Baba yake alipata habari kwa simu ya rafiki, saa 10 ya asubui, akiwa anapokea inspekteri. Alizima simu, akaendelea kuonyesha maprevizyo ya matiere. Inspekteri aliandika kama direkteri «hakuwa na nguvu».

Na kweli, nguvu ilikuwa inamutoka kwa njia ingine. Kamalondo haikose pa kunywa. Siku Mazembe inacheza ku stade yake, pale katikati yetu tangu 2011, hata mutu wa sala anajikuta na shupa ku mukono. Alianza na Simba moja nyuma ya mechi. Simba ni ya bei, akashuka ku lutuku. Asubui alikuwa anatafuna tangawizi, lakini watoto wa mwaka wa 6 hawadanganyike na tangawizi.

Nataka musimame hapa kidogo pamoja nami. Mu mine, opereteri wa pelle akifika na harufu ya pombe, nini inafanyika? Ni kosa kubwa, anaweza kuua mutu. Lakini anapata kwanza demande d'explication. Anajibu kwa maandishi. Delege anaketi pembeni yake. Nimeketi pembeni ya watu kama hao mara nyingi, na mara nyingi nyuma ya pombe mulikuwa bibi aliyekwenda, ao mutoto aliyekufa, ao deni. Tunasema, tunalomba pumuziko, wengine tunawapoteza, wengine wanarudi ku kazi.

Direkteri ataenda ku nani? Walimu beko na masendika yao, SYECO na mengine, lakini mu kilasi chao yeye njo mukubwa, yeye njo anaandika rapore juu yao. Siku wanagoma, yeye anabakia na funguo, anafukuza mbuzi mu parke. Juu yake kuko inspekteri na sous-division, na wale hawamuulize kama watoto walikula. Chini yake kuko wazazi, maana yake sisi. Baba yake alifundisha ku masomo ya Gécamines, wakati mwalimu alikuwa na unga, nyumba na lupitalo sawa na mutu wa mashini. Ile dunia ilivunjika polepole, na mwaka 2003 zaidi ya wafanyakazi 10.000 wa Gécamines walitoka kwa ile tuliita departs volontaires. Muzee alitoka nao. Mutoto alirisi kazi ya baba bila ile yenye ilikuwa inazunguka kazi.

Mu mwezi wa 4, komite ya wazazi ya direkteri wetu iliandika mukanda kwa sous-division: anakunywa, bibi alimukimbia, anakula makuta ya watoto pamoja na mwanamuke ingine. Saini kumi na saba.

Hapa naacha muchezo. Ile mukanda mimi naijua, juu niliisha kutia saini ingine kama ile. Ilikuwa ku masomo moja nisiyotaja, miaka kadhaa imepita. Direkteri alikuwa anafika na macho mekundu, na mutaa ulisema makuta iko ku bar. Mimi, mutu anayepiga meza ku biro ya kampuni akisema hakuna azabu bila kumusikiliza mufanyakazi, nilitia saini nikiwa nimesimama, karatasi juu ya kiti ya pikipiki ya mwenzangu. Sikulomba kuona buku. Nilikuwa ninatoka ku poste ya usiku, nilitaka kulala.

Walimuhamisha. Yule aliyemufuata aliita komite, akafungua kabati mbele yetu. Mulikuwa buku moja ndogo ya mutoto wa masomo, yenye kuchorwa mistari kwa regle. Kila mwezi majina mawili ya NP, kiasi, saini yao. Ku mustari wa mwisho alikuwa ameandika mahali makuta ilitoka. Miezi saba, neno moja tu: «nyumba».

Hakuna aliyesema kitu. Mweka hazina wa komite alilomba tuendelee na habari ya paa ya kilasi cha tatu.

Nilimutafuta kisha. Sikumupata ku Kamalondo. Waliniambia eko upande wa Annexe, anafundisha, si direkteri tena. Sijaenda. Kila siku ya posho najisemea nitaenda.

Mwezi wa 9 makomite yataketi tena. Sisi wanaume wa mine tunatuma wamama, juu tuko ku poste ao tumelala, kisha tunatia saini ku kile wanatuletea. Safari hii mwenye zamu ya usiku aende na usingizi wake. Tulombe listing ya mushahara ya Serikali, tuone nani analipwa na nani ni NP. Tulombe buku ya frais de fonctionnement, tuangalie tarehe yenye makuta ilifika. Kama kuko mukanda juu ya direkteri, tumuite kwanza aketi, kama vile tunafanya kwa mutu wetu. Na mimi nitauliza kitu kimoja kingine, hata wakinicheka: sentinele wa masomo, nani anamulipa?