Wazungu wa Karata katika Mchezo wa Poka

Istilahi za karata ni za zamani katika Kiswahili. Neno karata lenyewe, majina ya jamii zake nne, yaani kopa, uru, pao na shupaza, na vilevile turufu, yote yalitokana na Kireno. Mfasiri wa kanuni za poka, mchezo uliostawi Marekani katika karne ya 19, hana budi kufurahi kuyakuta maneno hayo tayari. Hata hivyo, yampasa aichunguze dhana kabla ya kuliazima jina.

Jioni moja hapa Dodoma, mtumishi mwenzangu alikuwa akijifunza poka, dau likiwa punje za karanga. Alishika saba, nane, tisa, kumi na mzungu wa pili. Akidhani kwamba mzungu huyo ndiye afuataye kumi, akahesabu kuwa amepata mfuatano wa karata tano, akapandisha dau, akashindwa na mwenye jozi moja tu. Kosa hilo lilitokana na istilahi.

Katika michezo ya Kireno iitwayo bisca na sueca, mfalme ana alama 4, ghulamu 3 na malkia 2. Majina ya Kiswahili yanafuata hesabu hiyo hiyo: mfalme ni mzungu wa nne, ghulamu mzungu wa tatu, malkia mzungu wa pili, nazo karata zisizo na thamani huitwa magarasa. Lakini poka haihesabu alama. Humo ghulamu hufuata kumi, na malkia humshinda ghulamu. Wala hakuna garasa, kwani hata karata mbili za namba 2 hufanya jozi.

Kwa hiyo napendekeza kwamba katika kanuni za poka tuandike mfalme, malkia na ghulamu, na ree ibaki ilivyo; wazungu waachiwe michezo yao ya asili. Mchezaji anayeacha kushindana aitwe aliyejitoa, wala tusiseme "amekunja karata", tafsiri ya neno kwa neno isiyoeleza tendo. Kupandisha dau kwa karata dhaifu ili wenzako wajitoe kuitwe kubabaisha.

Wasomaji wanaojua majina mengine yatumiwayo na wachezaji wa Dodoma, Singida au kwingineko wanaombwa watuandikie.