Michezo ya anga: Kabla ya kununua manete mpya, rekebisha ile ya zamani

Mchezaji anaachia manete, lakini pua ya chombo inaendelea kugeuka upande wa kushoto. Anasukuma kidogo ili airudishe, inapita kiasi upande wa kuume. Anasahihisha tena, inapita tena. Akifika karibu na kituo cha anga, anagonga ukuta badala ya kuingia mlangoni. Hapo wengi wanasema manete imekufa na wanaanza kutafuta pesa ya kununua nyingine. Mara nyingi hiyo ni haraka ya bure. Tatizo liko katika vipimo, na kuvirekebisha hakugharimu hata franga moja.

Anga haisamehe

Katika mchezo wa gari, kosa dogo la mkono halionekani sana, kwa sababu matairi yanashika barabara. Katika mchezo wa ndege, hewa yenyewe inasaidia kuituliza ndege. Angani hakuna barabara wala hewa. Kitu kilichoanza kuzunguka kinaendelea kuzunguka mpaka kisukumwe kwa upande mwingine.

Michezo inayofuata sheria hiyo ni kama Orbiter, iliyotolewa bure tangu mwaka 2000 na Martin Schweiger, ao Elite Dangerous ya mwaka 2014 pale mchezaji anapozima msaada wa kuongoza. Humo, manete inayotuma alama ndogo bila kuguswa ni sawa na injini ndogo inayowaka bila ruhusa.

Jambo kama hilo lilitokea kweli. Tarehe 16 Machi 1966, Wamarekani Neil Armstrong na David Scott walikuwa ndani ya chombo Gemini 8. Injini moja ndogo ya kugeuzia chombo ilikwama ikiwaka. Chombo kilizunguka kwa kasi iliyofikia karibu mzunguko mmoja kila sekunde, na wanaume hao wawili walikuwa karibu kupoteza fahamu. Armstrong alizima injini hizo na kutumia zile zilizowekwa kwa ajili ya kurudi duniani. Walipona, lakini safari ilikatizwa kabla ya wakati. Kwenye ordinatere hakuna anayekufa. Fundisho ni lile lile: kabla ya kuongoza, hakikisha hakuna kinachosukuma peke yake.

Kwa nini manete inatetemeka

Ndani ya manete nyingi za bei ndogo kuna kipande kinachoteleza juu ya utepe wa kaboni kila mara mkono unaposogea. Ordinatere inasoma fasi kilipo na kuigeuza kuwa namba. Utepe ukilika ao ukiingia vumbi, namba zinaanza kucheza hata kama mkono umetulia. Manete za bei kubwa zaidi zinatumia sumaku. Hakuna kinachosuguana, kwa hiyo zinadumu.

Kuna pia jambo la hatua. Manete inayosoma kwa biti 8 inagawa mwendo wote katika hatua 256 tu. Ya biti 10 ina hatua 1.024, na ya biti 16 ina 65.536. Hatua zikiwa chache, chombo kinageuka kwa kuruka-ruka, na hapo vipimo vizuri vinahitajika zaidi.

Hatua tatu za kufuata

Ya kwanza ni kupima upya. Kwenye Windows, bonyeza kitufe cha Windows pamoja na R, kisha andika joy.cpl. Chagua manete, fungua sifa zake, na ufuate maelekezo ya kuipima. Ukimaliza, iachie na utazame alama ya katikati: je, imetulia ao inacheza?

Ya pili ni kuweka eneo bubu, yaani sehemu ndogo ya katikati ambamo mchezo hausikii lolote. Orbiter na Elite Dangerous zote zina fasi ya kuliweka. Anza na sifuri, ongeza kidogo kidogo, na usimame mara tu chombo kinapotulia. Wengi wanakosea hapa: wanaweka eneo kubwa ili wawe na uhakika. Matokeo yake, mkono unasukuma, hakuna kinachotokea, unasukuma zaidi, kisha chombo kinaruka. Mchezaji anakimbia kusahihisha, anapita kiasi, na kuyumba kunaanza upya.

Ya tatu ni kurbe, yaani uhusiano kati ya mwendo wa mkono na jibu la chombo. Bila kurbe, ukisukuma nusu unapata nusu. Kwa kurbe ya kipeo cha tatu, ukisukuma asilimia 50 unapata asilimia 12,5 tu. Lakini ukisukuma mpaka mwisho unapata nguvu yote. Karibu na katikati mkono unakuwa mwepesi sana, kwa hiyo kulenga mlango wa kituo kunakuwa rahisi.

Hata hivyo, kurbe kali mno ina hasara. Asilimia 10 ya mkono inatoa asilimia 0,1 tu, na hiyo ni kama eneo bubu lingine. Ni vizuri kuchanganya nusu kwa nusu: hapo asilimia 10 inatoa karibu 5, na asilimia 50 inatoa karibu 31. Kama mchezo wenyewe hauna kurbe, programu ya bure Joystick Gremlin, ikifanya kazi pamoja na vJoy, inaweza kuichora. Inapakuliwa mara moja, kisha inatumika bila intaneti.

Jaribu kwa kipimo kimoja

Usibadilishe mambo matatu kwa mara moja. Badilisha moja, kisha rudia jaribio lile lile: weka pua ya chombo juu ya nyota moja na uishike hapo sekunde kumi. Ukifaulu mara tano mfululizo, andika namba zako kwenye karatasi na uende kwenye hatua inayofuata. Mhimili wa kuinua pua, wa kugeuka na wa kubingirika, kila mmoja unaweza kuhitaji namba yake.

Kama namba zinaendelea kuruka hata baada ya hayo yote, chomoa manete, ifungue, na usafishe utepe kwa dawa ya kusafishia vifaa vya umeme. Iache ikauke vizuri kabla ya kuichomeka. Ikiwa bado inaruka, basi utepe umelika na vipimo haviwezi kuuponya. Ni hapo tu ndipo inafaa kufungua mfuko, na ukiwa na uwezo, uliza kwanza kama ile mpya inatumia sumaku.