Kinindo: Mkosaji Ni Nani Leo?

Ukitaka kujua watu wa Kinindo wanamwogopa nani, tazama malango yao. Mtaa huu wa kusini mwa Bujumbura ni wa watu wanaojiweza. Nyumba zimejificha nyuma ya kuta ndefu zenye seng'enge au vipande vya chupa juu, na kwenye lango kuna kijidirisha ambacho zamu, yaani mlinzi, hukifungua kwanza. "Unamtafuta nani?" Mara nyingi ni kijana aliyetoka mashambani, mwenye rungu, tochi na redio ndogo, analinda mali asiyoweza kuinunua hata kwa mshahara wa miaka. Ndiye polisi wa kwanza wa mtaa. Kitu kikiibwa ndani, ndiye pia mshukiwa wa kwanza.

Kuna ulinzi mwingine, wa karatasi. Baada ya maandamano yaliyoanza Aprili 26, 2015 kupinga muhula wa tatu wa Rais Pierre Nkurunziza, na jaribio la mapinduzi la Mei 13, wakazi wa mitaa ya Bujumbura walitakiwa kuwa na kaye ya nyumba: daftari lenye majina ya wote wanaolala humo, namba za vitambulisho vyao, na wageni. Msako ulipopita alfajiri, polisi walisoma daftari na kuhesabu vichwa. Shemeji aliyefika jana kutoka Ngozi, kama hakuandikwa, alikuwa na maelezo ya kutoa. Hakuiba wala hakumpiga mtu; alilala tu mahali ambapo daftari halimtambui.

Msomaji wa Kenya au Tanzania atasema hata sisi tuna mfumo wetu wa nyumba kumi, wa majirani kujuana. Ni kweli, na jirani kumjua jirani si jambo baya. Ubaya huanza pale habari zako zinapoulizwa na mtu ambaye wewe huwezi kumuuliza zake.

Mwaka 1895 Mfaransa Émile Durkheim aliandika kwamba hakuna jamii isiyo na uhalifu. Hata watawa pekee wakiishi pamoja, vijikosa vyao vidogo vingegeuka kuwa mambo makubwa. Burundi imempa mifano ya kutosha. Kukimbia kwa makundi asubuhi za mwisho wa wiki, watu wakiimba, ni desturi ya zamani ya Bujumbura. Machi 2014, baada ya vijana wa chama cha upinzani cha MSD kupambana na polisi, mbio za makundi zikapigwa marufuku isipokuwa kwenye viwanja vilivyoteuliwa, na mwezi huohuo mahakama ikawafunga 21 miongoni mwa waliokamatwa kifungo cha maisha. Mwaka 2017 zamu ya wapenzi ikafika: waliokuwa wakiishi pamoja bila ndoa waliamriwa wawe wameoana kabla mwaka haujaisha. Oktoba mwaka huohuo, amri ya rais ikawakataza wanawake kupiga ngoma za kitamaduni. Machi 2019 wasichana wa shule huko Kirundo waliwekwa ndani kwa kuchorachora picha ya rais vitabuni. Watoto wa shule, jamani!

Orodha ya makosa ikirefuka, magereza hayaongezeki. Jirani na Kinindo, upande wa Musaga, kuna Mpimba, gereza lililokusudiwa watu 800. Kwa miaka mingi limebeba mara kadhaa ya idadi hiyo, wengi wao mahabusu wasiojua kesi zao zitasikilizwa lini. Machi 2021 Rais Évariste Ndayishimiye alitoa msamaha kwa wafungwa zaidi ya 5,200. Desemba mwaka huohuo moto ulizuka katika gereza la Gitega, lililojengwa kwa watu 400 na kujazwa zaidi ya mara tatu, na hesabu ya kwanza ya serikali ilikuwa wafu 38.

Kabla ya haya yote Warundi walikuwa na bashingantahe, wazee wasuluhishi. Mzee alitazamwa kwa miaka, mwenendo wake na ulimi wake, ndipo akaapishwa mbele ya watu. Pande mbili zilijieleza hadharani, aliyekosa akalipa, kisha wote wakanywa pombe pamoja. Hawakuwa malaika: wanawake kwa muda mrefu hawakuwa na kauli humo. Lakini mwizi wa mbuzi alirudisha mbuzi, na kesho yake bado alikuwa jirani. Mkataba wa amani wa Arusha wa Agosti 28, 2000 uliwakumbuka, na sheria ya Januari 2021 ikarudisha baraza la wazee kwa sura mpya, wajumbe wakichaguliwa kwa kura. Hapo ndipo ninaposita. Msuluhishi anayehitaji kura ana wa kumridhisha, na chama tawala kina vijana wake, Imbonerakure, karibu kila kilima.

Kwa hiyo kabla kosa lingine halijaandikwa, wabunge wapande Musaga wakahesabu waliomo Mpimba bila hukumu, na majaji waanze na mafaili hayo.