Safari za Likizo na Hesabu ya Nyumbani

Kila ifikapo Disemba husikika kauli mbili zisizopatana. Ya kwanza ni kilio: maisha yamekuwa magumu, pesa hazionekani, mshahara hauufikii mwisho wa mwezi. Ya pili ni ya macho: tiketi za treni ya Nairobi na Mombasa zimekwisha siku nyingi kabla, mabasi yamepandisha nauli na bado yanajaa, na ufuo wa Bamburi hauna pa kukanyaga hadi jua kuchwa. Hapo wasemao husema, "Ikiwa watu hawana kitu, safari hizi zalipwa na nani?" Wako hata wanaokwenda mbali zaidi, wakadai kwamba wananchi wamezoea kulalamika tu.

Swali hili lisidhaniwe ni la wanasiasa na wachumi peke yao. Lafika hadi majumbani mwetu. Baba huona jirani amesafiri na watoto, akajiuliza amekosea wapi. Mama husikia kwamba uchumi umetengemaa, kisha akaenda sokoni na noti ya elfu moja akarudi na mfuko usiomlemea mkono. Kwa hivyo tumeona tulitazame jambo hili kwa utulivu, maana kulifahamu vibaya kumeziingiza nyumba nyingi katika madeni.

Tarakimu na soko

Tuanze na tarakimu. Kwa hesabu za Shirika la Takwimu la Kenya, mnamo Oktoba 2022 bei zilikuwa zimepanda kwa asilimia 9.6 katika muda wa mwaka mmoja. Oktoba 2023 kiwango hicho kilikuwa asilimia 6.9, na Oktoba 2024 kilishuka hadi asilimia 2.7. Shilingi nayo, ambayo Januari 2024 ilidhoofika hata dola moja ikapita shilingi 160, ilirejea karibu na 130 katika mwaka huohuo. Mwenye kuzitazama tarakimu hizi ana haki ya kusema kwamba nafuu imekuja.

Lakini mfumuko wa bei unaposhuka, bei zenyewe hazishuki. Zaendelea kupanda, ila kwa mwendo wa polepole. Tuchukue kapu la mahitaji lililogharimu shilingi 1,000 Oktoba 2021. Kwa viwango hivyo vitatu, Oktoba 2022 kapu hilo lilikuwa shilingi 1,096. Oktoba 2023 likakaribia 1,172. Na Oktoba 2024 likapita 1,200. Mama ambaye masurufu yake hayakuongezwa katika miaka hiyo mitatu amepungukiwa zaidi ya shilingi 200 katika kila kapu. Na mumewe, akiwa ni mwajiriwa, hakatwi tena kama zamani: pana ushuru wa nyumba wa asilimia 1.5, na tangu Oktoba 2024 pana bima ya afya ya jamii ya asilimia 2.75 ya mshahara.

Basi mchumi na mama mwenye kapu hawapingani. Mmoja anatazama kasi ya kupanda kwa bei, mwingine anatazama mahali bei ilipofika. Wote wawili wasema kweli.

Wala hili si letu pekee. Nchini Marekani, Juni 2022, bei zilikuwa zimepanda kwa asilimia 9.1 kwa mwaka, na kipimo cha Chuo Kikuu cha Michigan kinachouliza watu wauonaje uchumi kikaanguka hadi 50, kiwango cha chini kuliko vyote vilivyopata kurekodiwa hadi wakati huo. Mfumuko ulipungua mwaka uliofuata, lakini manung'uniko hayakwisha. Pamoja na manung'uniko hayo, Jumapili ya baada ya sikukuu yao ya Shukrani, Novemba 2023, wasafiri zaidi ya milioni 2.9 walikaguliwa katika viwanja vyao vya ndege kwa siku moja, idadi ambayo haijapata kufikiwa kabla ya hapo. Watu walewale waliosema hali ni mbaya ndio waliofunga mizigo.

Ukiona vyaelea, vimeundwa

Safari iliyojaa watu haituelezi ilikotoka nauli. Treni moja huchukua abiria elfu moja na ushei. Hata zikijaa treni zote za Disemba, waliomo ni wachache mno katika nchi ambayo sensa ya 2019 ilihesabu watu milioni 47 na zaidi. Aliyeshindwa kusafiri haonekani kituoni Miritini. Yuko nyumbani kwake, na hapana kamera inayompiga picha.

Na hao waliosafiri si wa namna moja. Yuko aliyejaaliwa, akasafiri bila ya kuhisi. Yuko aliyeweka kibubu tangu mwezi wa pili, au akangoja chama chao cha akina mama kigawe fungu la mwisho wa mwaka. Huyu amejinyima mengi ili watoto wake wamwone bibi yao, na safari yake ni ushahidi wa subira wala si wa utajiri. Yuko ambaye hakuwa na hiari: msiba umetokea, au binti wa dada anaolewa, na kuunga udugu ni wajibu. Na yuko aliyekopa.

Tuikadirie nauli hiyo. Treni ilipozinduliwa mwisho wa Mei 2017, daraja la kawaida lilikuwa shilingi 700. Baadaye likawa 1,000, na tangu Januari 2024 ni 1,500. Baba, mama na watoto watatu wanaolipa nauli ya mtu mzima watahitaji shilingi 15,000 kwenda na kurudi, kabla ya chakula cha njiani, teksi, na zawadi ambazo haifai kuingia kwa watu bila ya kuzishika mkononi. Asiyeweka akiba huzitafuta kwenye mkopo wa simu. Mkopo huo hupatikana kwa kubonyeza mara tatu, na gharama yake huanza kuhesabika papo hapo. Tukiacha kwanza suala la riba, ambalo hukumu yake yajulikana, deni hilo hufika wakati wake Januari, mwezi ambao shule hufunguliwa na karo hudaiwa. Wahenga walikwisha kusema: kukopa harusi, kulipa matanga.

Mzigo wa mwenyeji

Iko gharama nyingine isiyoingia katika tarakimu za utalii. Wageni wengi wa pwani hawalali hotelini. Hulala kwa shangazi Likoni, kwa ami Kisauni, kwa bibi Malindi. Wakati wa Maulidi ya Lamu, nyumba za mji hufungua milango na mikeka hutandikwa hadi barazani. Twashukuru kwa ada hii, nayo ni fahari ya watu wetu. Lakini jiko la watu watano likilisha watu kumi na wawili kwa wiki mbili, gesi iliyokuwa ya mwezi haifiki, mchele wapimwa mara mbili, na samaki anunuliwa kwa bei ya msimu.

Mwenye kuubeba mzigo huu aghalabu ni mwanamke. Yeye ndiye aamkaye alfajiri kukanda mahamri, naye ndiye anayeona haya kusema kwamba unga umekwisha. Mgeni atarudi bara akisimulia likizo ya raha isiyogharimu. Haikukosa gharama, imelipwa na mtu mwingine. Husemwa, mgeni njoo mwenyeji apone. Basi na mgeni ajiulize: mwenyeji wangu amepona, au nimemwacha na deni dukani?

Hatusemi wageni wasije. Pwani yetu huishi kwa wageni. Muuza madafu, dereva wa tuktuk, mama wa viazi karai na kijana wa mashua, wote huingoja Disemba kama mkulima aingojavyo mvua. Pesa ya msafiri ni riziki ya wengine, na kuizuia yote ni hasara kwa jamii. Tunalosema ni kwamba safari iwe ya kadiri ya mwenye kusafiri, na gharama yake ibebwe na mwenyewe.

Kiasi ndiyo njia

Hija ndiyo safari kubwa kuliko zote kwa Muislamu, nayo haikuwajibishwa ila kwa mwenye uwezo. Wanavyuoni wamefafanua uwezo huo: awe na matumizi ya kwenda na kurudi, awaachie anaowalea chakula chao hadi atakaporejea, na madeni yake yawe yamepangiwa. Ikiwa safari ya ibada imewekewa masharti haya, vipi safari ya kupumzika? Na katika Sura ya Al-Furqan, aya ya 67, waja wema wamesifiwa kwamba katika matumizi yao hawavuki mpaka wala hawafanyi ubakhili, bali hushika kati ya mawili hayo.

Kwa familia zetu twashauri mambo manne. Kwanza, mume na mke waketi pamoja kabla ya kukata tiketi, waandike karo na kodi ya nyumba ya Januari, watenge pesa hizo kando, kisha ndipo wahesabu kilichobaki. Pili, kibubu cha safari kianze mapema: shilingi 50 kila siku hufikia 15,000 katika siku 300. Tatu, anayekwenda kwa jamaa apeleke mchele, mafuta au pesa ya gesi siku ya kwanza, asingoje kuombwa, na apunguze siku zake. Nne, aliyeshindwa mwaka huu apige simu, amjulie hali mamake na atume alichojaaliwa hata kiwe kidogo, kwani udugu haukatiki kwa kukosa tiketi.

Na anayeiona treni imejaa asiharakishe kuhukumu, si kwamba nchi imetajirika, wala kwamba wenye kulalamika ni waongo. Hali ya nyumba haijulikani siku ya kuondoka. Hujulikana wiki ya kwanza ya Januari, mtoto anaposimama mlangoni na sare yake, na mzazi anapotia mkono mfukoni. Mwenyezi Mungu azijaalie nyumba zetu kutosheka, na safari zetu ziwe za heri kwa mwenye kwenda na mwenye kupokea.