Kuuziwa Mbuzi Kwenye Gunia: Masaibu ya Mnunuzi wa Gari

Wahenga walinena kwamba kila mwamba ngoma ngozi huivutia kwake. Methali hii nilikuwa nikiiandika katika insha bila kuielewa sawasawa, mpaka mjomba wangu alipofunga safari kwenda Nairobi kununua gari. Alitoka Buna na furaha, akarudi mikono mitupu na deni la maneno. Katika makala haya ninataka kueleza kwa nini kununua gari ni kazi ngumu kuliko kununua ngamia, na mnunuzi afanye nini asije akalia machozi.

Kwanza, gari ni la nini hapa kwetu? Si la kujionyesha. Mgonjwa akizidiwa usiku ni gari litakalompeleka Moyale au Wajir. Mbuzi wakipelekwa sokoni ni gari. Ukame ulioanza mwisho wa 2020, wakati misimu mitano ya mvua ilipokosekana mfululizo, ulitufunza jambo jingine: mifugo inaweza kuisha yote, na mtu akabaki na fimbo tu. Mjomba alipoona wale ngamia wachache waliobaki wamenona tena, alisema, "Mwanangu, safari hii sitangoja ukame uje uwale. Nitawageuza wawe gari." Akauza ngamia sita na mbuzi kadhaa. Ndani ya pesa hizo ilikuwemo hata pesa yangu ya chakula cha mchana shuleni. Basi si mchezo.

Safari ya Kwanza

Mjomba aliambiwa kwa simu kuna pikapu ya shilingi 1,250,000 katika yadi fulani. Akapanda basi la Moyale, akapita Marsabit na Isiolo, zaidi ya kilomita 700 za njia. Kufika pale, akapokewa na kijana mwenye viatu vinavyong'aa.

"Karibu Alhaji! Ile pikapu imeuzwa jana jioni. Lakini usijali, iko ingine safi kuliko ile."

Hiyo ingine ilikuwa 1,450,000. Ilikuwa nyeupe pe, imepakwa mafuta hadi kwenye magurudumu. Kijana akaapa kwamba ilikuwa ya mama mwalimu, aliyeiendesha Jumapili tu akienda kanisani. Mjomba akauliza logbuku. Akajibiwa, "Iko ofisini, Alhaji, hapana shida. Lakini kuna mtu anakuja na pesa saa nane. Weka kitu kidogo tuishikilie." Mjomba akaweka arbuni ya shilingi 50,000.

Siku ya tatu akarudi na fundi. Fundi akalala chini ya gari dakika kumi tu, akatoka akipangusa mikono. Chesisi ilikuwa imekatika ikaunganishwa kwa moto, na rejeta ilikuwa ikitoa maji yenye mafuta, ishara ya injini iliyowahi kuchemka. Mjomba alipodai arbuni yake, yule aliyemwita Alhaji sasa akamwita "mzee", kisha akamwonyesha maandishi madogo chini ya risiti: pesa hairudishwi. Basi elfu hamsini zikaenda hivyo tu.

Ustadhi wetu alipoisikia habari hii alisema kwamba katika madhehebu ya Shafii, ambayo ndiyo yetu, biashara ya arbuni inayoliwa na muuzaji mnunuzi asipochukua bidhaa haikubaliki. Lakini yadi haiendi kwa kitabu cha ustadhi.

Kwa Nini Ngamia Ni Rahisi Kuliko Gari

Nilikaa nikijiuliza: mjomba huyu huyu hajawahi kudanganywa sokoni na mtu wa ngamia. Kwa nini gari likamshinda? Nimepata sababu nne.

Sababu ya kwanza ni kwamba ngamia hasemi uongo. Fungua mdomo, meno yatakuambia umri. Mtembeze, utaona kama anachechemea. Gari nalo lina mita ya kilomita, lakini mita ile hurudishwa nyuma na mtu mwenye kifaa, na kilomita 300,000 zikawa 90,000. Nambari ya gari pia huwapotosha wengi. Hapa Kenya herufi za KAA zilianza 1989, KBA 2007, KCA 2014 na KDA 2020. Mtu akiona KCA hudhani gari ni la 2014 au baadaye. La hasha! Herufi zinaonyesha gari lilisajiliwa lini Kenya, siyo lilitengenezwa lini. Sheria inakubali gari kuukuu kuingizwa nchini likiwa halijapita miaka 8, kwa hiyo gari la KCA laweza kuwa lilitoka kiwandani kabla hata ya herufi hizo kuanza.

Sababu ya pili ni dalali. Sokoni kwetu pia kuna madalali. Wanashikana mikono chini ya kitambaa na kutaja bei kwa vidole ili watu wasisikie. Mgeni akiona atadhani ni wizi. Lakini dalali wa mifugo anamjua muuzaji na anaijua chapa ya mnyama. Ngamia akitokea kuwa wa wizi, dalali ndiye atakayeulizwa kwanza, na wiki ijayo atakuwa pale pale sokoni. Dalali wa magari, ambaye mjini wanamwita broka, hamjui mwenye gari wala hatakuona tena. Yeye anapata cha juu tu. Mwenye gari akitaka 1,200,000, broka husema 1,350,000, na mwenzake wa mlangoni huongeza chake. Ndiyo maana bei hubadilika kati ya simu na yadi.

Sababu ya tatu ni kodi. Bei ya gari lililotoka nje haieleweki kwa sababu kodi zimepandana kama matofali. Chukua gari dogo la abiria ambalo thamani yake forodhani ni shilingi 100, na injini yake haizidi lita 1.5. Ushuru wa forodha, uliopandishwa kutoka asilimia 25 hadi 35 katika mwaka wa 2023, unaifanya 135. Juu ya hiyo 135 unakuja ushuru wa bidhaa wa asilimia 20, inakuwa 162. Juu ya 162 inakuja VAT ya asilimia 16, inakuwa karibu 188. Bado ada nyingine ndogo ndogo, meli na faida ya mwenye yadi. Tena ile thamani ya kwanza siyo pesa uliyolipa Japani. Mamlaka ya Mapato ya Kenya huanza na bei ya gari kama hilo likiwa jipya, ikapunguza kulingana na umri. Mnunuzi asiyejua hesabu hii hawezi kujua kama bei aliyotajiwa ni ya haki au amechinjwa.

Sababu ya nne ni karatasi. Ngamia ana chapa ya moto mwilini. Gari lina logbuku, na logbuku ina mambo. Sheria ya Trafiki inasema kwamba mtu aliyeandikwa kama mwenye gari ndiye mwenyewe mpaka ithibitishwe vingine. Sheria hiyo hiyo inasema gari likiuzwa lisitumike barabarani zaidi ya siku 14 kabla ya kuandikishwa kwa jina la mwenyewe mpya. Watu wengi walizoea kupewa fomu iliyotiwa sahihi na kuachwa wazi, wakaendesha gari miaka mingi kwa jina la mtu mwingine. Siku mwenye jina akifa, au akiwa na deni, ndipo utakapojua hujui. Kuna hata magari ambayo logbuku yake imewekwa rehani kwa wakopeshaji.

Mtaalamu Aliyeandika Habari Hii

Msidhani shida hii ni ya watu wa Buna peke yao. Mwaka wa 1970 mtaalamu wa uchumi wa Marekani, George Akerlof, aliandika juu ya soko la magari kuukuu. Alisema muuzaji anajua ubovu wa gari lake na mnunuzi hajui. Kwa kuwa mnunuzi ana hofu, anatoa bei ya kati tu. Mwenye gari zuri akisikia bei hiyo anaona hasara, analirudisha nyumbani. Wanaobaki sokoni ni wenye mikweche. Kwa hivyo hofu ya mnunuzi yenyewe inafukuza magari mazuri! Kwa kazi ya namna hiyo alipata Tuzo ya Nobel ya uchumi mwaka wa 2001 pamoja na wenzake wawili.

Huko Marekani wanunuzi wa magari mapya nao waliteseka na bei za mdomo, hata Seneta Mike Monroney akaleta sheria ya 1958 iliyolazimisha kila gari jipya libandikwe karatasi ya bei kwenye kioo. Hapa kwetu Katiba ya 2010, kifungu cha 46, inampa mnunuzi haki ya kupata bidhaa bora na habari kamili juu yake. Haki ipo. Lakini haki hailali chini ya gari kutazama chesisi; hiyo ni kazi yako na fundi wako.

Ufanye Nini?

Sasa nieleze dawa. Ukichunguza, kila kitu kinachoulinda ununuzi wa ngamia kina ndugu yake kwenye gari.

1. Badala ya kutazama meno, soma nambari ya chesisi. Hakikisha iliyo kwenye chuma ni sawa na iliyo kwenye logbuku, nambari moja baada ya nyingine. Kama gari limetoka Japani karibuni, omba karatasi ya mnada. Magari huko hupewa alama, na herufi R maana yake ni kwamba liliharibika kwa ajali likatengenezwa.

2. Badala ya kumtembeza, liendeshe. Fika asubuhi mapema kabla halijawashwa, kwa maana injini iliyopashwa moto huficha kelele zake. Liendeshe kwenye mashimo, si kwenye lami tu. Barabara zetu ni mchanga na mawe.

3. Nenda na fundi wako, siyo fundi utakayemkuta yadini. Na nenda naye siku ya kwanza, kabla ya kutoa hata senti moja. Hapo ndipo mjomba alipokosea.

4. Badala ya chapa, tafuta rekodi. Mamlaka ya Kitaifa ya Uchukuzi na Usalama, NTSA, hutoa rekodi ya gari kupitia eCitizen kwa ada ndogo. Utaona jina la mwenyewe. Tangu sheria ya 2017 juu ya rehani za mali zinazohamishika, kuna pia sajili ya serikali ya kuangalia kama gari lina deni.

5. Epuka gari la bei ya ajabu linalotoka ng'ambo ya mpaka bila ushuru. Kule Ethiopia watu huendesha upande wa kulia na usukani uko kushoto, na gari la usukani wa kushoto halisajiliwi hivi hivi hapa Kenya. Ukikamatwa nalo umepoteza gari na pesa.

6. Kwa wasiotaka riba, zipo benki zinazofuata sharia. Za kwanza zilifunguliwa Kenya mwaka wa 2008. Katika murabaha benki hununua gari lenyewe, kisha inakuuzia kwa faida inayotajwa tangu mwanzo, ukalipa kidogo kidogo.

Safari ya Pili

Baada ya miezi minne mjomba aliondoka tena, na safari hii hakuenda yadini. Jamaa yetu wa Isiolo alimjua mtu anayeuza pikapu yake mwenyewe. Mjomba alichukua fundi kutoka Moyale, akamlipia nauli na chakula. Watu walimcheka: "Unalipa mtu akatazame gari ambalo hujanunua?" Akanyamaza.

Mwenye gari hakumwita Alhaji. Alimwambia, "Mzee, springi za nyuma zimechoka, na giaboksi inagoma kidogo ikiwa baridi. Mengine tazameni wenyewe." Fundi akatazama tangu asubuhi hadi adhuhuri, asipate kosa jingine. Wakakubaliana 1,240,000. Mjomba hakutoa pesa mpaka muuzaji alipokubali uhamisho kwenye eCitizen mbele ya macho yake, na jamaa wawili wakawa mashahidi. Kama sokoni kwetu hasa.

Nilimuuliza mjomba ni lini alipojua kwamba gari hilo ni zuri. Akasema, "Aliponiambia ubaya wake kabla sijauliza." Nikakumbuka hadithi tuliyofundishwa madrasa, jinsi Mtume alivyotia mkono katika rundo la nafaka sokoni, akakuta ndani mmelowa, akamkemea muuzaji aliyeficha unyevu chini.

Leo pikapu hiyo inabeba mbuzi na magunia, na mara mbili imeshapeleka wagonjwa hospitali usiku. Zile elfu hamsini hazikurudi, na mjomba akipita karibu na gari lolote jeupe lililopakwa mafuta magurudumu hutema mate chini. Mimi naye tumekubaliana kwamba hiyo ilikuwa karo, ila ilikuwa karo ya shule ghali mno. Wewe uliyesoma makala haya umeipata elimu hiyo bure, basi usiende kuilipia tena.

Kalamu yangu naiweka chini hapa. Wassalaam.