Je, Wajua? Macho Hucheza Ukiwa Usingizini

Je, wajua kwamba usingizi una hatua 4, zinazojirudia kila baada ya dakika 90 hivi? Mtu husinzia, hupata usingizi mwepesi, kisha mzito. Hatimaye huja usingizi wa ndoto: macho hucheza haraka chini ya kope, huku mikono na miguu imelegea. Hatua hiyo ilitangazwa mwaka 1953 na Eugene Aserinsky na Nathaniel Kleitman wa Chuo Kikuu cha Chicago, Marekani.

Ili kupima usingizi, wataalamu hubandika vinasa umeme kichwani, kando ya macho na kidevuni, na mashine huchora mawimbi. Usingizi mzito hutoa mawimbi makubwa ya polepole. Kadiri alfajiri inavyokaribia, usingizi wa ndoto hurefuka. Ukikatiza usingizi wako kwa kuamka mapema mno, huo ndio unaoukosa zaidi.